Bahari Chini ya Nyumba ya Dada

Machimboni, 3 Machi

Mpwa wangu, msomi wa mawe,

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu haina adabu, salio linakata kabla sijafika kwenye utamu. Karatasi inanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi mzima. Imeletwa kekee mpya, mashine ya kutoboa miamba, na katika watoboaji wote nimepewa mimi. Yule injinia tunayemwita Miwani alisema apewe mtu mwenye mkono wa kazi. Vijana wote wakageuka kunitazama. Sikusema kitu. Baadaye nilisema kidogo, mpaka king'ora cha chakula kikalia.

Sasa nisikilize. Choo kipya cha mama yako nilikichimba mimi, kwa mikono hii. Mtu mwingine angeishia kwenye udongo. Mimi nilipita udongo, nikapita chokaa, nikafika kwenye jiwe jeusi la chembechembe, kama mtu amemwaga mtama halafu akaugandisha. Nikalipiga sururu. Mpwa wangu, likanuka! Likanuka kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa juani. Na ndani yake meno, makali, moja likanichana kidole. Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kwanza kuumwa na papa nchi kavu.

Nilipomweleza Miwani kwamba hapa palikuwa bahari, na kwamba samaki wakubwa na wadogo walipigana vita wakafa wote siku moja, alicheka mpaka akavua hiyo miwani yenyewe. Alicheka mbele ya vijana wangu. Basi wewe niandikie: bahari ilifikaje huku juu, na ilitengenezaje jiwe hili tunalolisaga kuwa mbolea? Niandikie vizuri, nikamnyamazishe.

Mama yako yuko barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Tangu baba yako afariki, nyumba ile ndiyo mwenzake. Anaipangusa hata kuta za nje. Anakusalimu.

Mjomba wako,
Bingwa wa Kekee


Chuoni, 19 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole kwa kuumwa na papa. Natumaini hakukuambukiza kitu.

Miwani alikosea kucheka, bahari ilikuwepo kweli. Ila hapakuwa na vita. Ilikuwa bahari ya kina kifupi, maji yaliyopanda juu ya ukingo wa nchi kavu, na nje yake kukawa na kilindi. Kila kinachokufa baharini huzama, kwa hiyo maji baridi ya kilindini hujaa rutuba. Upepo ukiyasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, yale baridi hupanda kushika nafasi. Yakikutana na jua, vijimea visivyoonekana kwa macho huzaliana mpaka bahari inakuwa nzito kama uji. Samaki huja kula, papa huja kula samaki. Halafu wote hufa, kila mmoja kwa siku yake, na wote hushuka kwenye tope.

Ndani ya tope lile hamna hewa. Ndiyo maana jiwe lako linanuka mpaka leo: ule ni uozo ambao haukuwahi kumalizika. Fosforasi iliyokuwa kwenye miili na mifupa huyeyuka ikaingia kwenye maji yaliyomo katikati ya tope, kisha huganda upya, chembe kwa chembe. Hapo bado halijawa jiwe la maana, ni matope mengi na chembe chache. Kazi inayobaki ni ya mawimbi. Hupita juu yake kama mtu anayepepeta kwa ungo: matope mepesi hupeperuka, chembe nzito hubaki. Yakapepeta hivyo kwa muda ambao hata wewe, mjomba, hungeweza kuutia chumvi. Halafu bahari ikaondoka, ardhi ikainuka, ukaja wewe na sururu.

Na hayakupepeta sawa kila mahali. Pale sakafu ya bahari ilipoinuka kama mgongo, mawimbi yalifika zaidi na jiwe likawa tajiri. Huenda nyumba ya mama imekaa juu ya mgongo kama huo. Ndiyo maana nauliza: pale shimoni jiwe lilikuwa na unene gani? Mwaka huu niko kwenye mazoezi ya kazi makao makuu ya kampuni yenu, karibu na chuo, nachora ramani ya tabaka hilo kwa ripoti yangu ya mwisho, na upande wa mtaa wetu hakuna aliyewahi kutoboa.

Usimwambie mama. Atasema alinisomesha nikachunguze choo chake.

Mpwa wako


Machimboni, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Nimemnyamazisha! Nilisubiri wakati wa chakula, watu wote wamekaa, Miwani naye kaja kuchukua chai. Nikaanza na kilindi. Nikapandisha maji baridi. Nikazalisha vijimea, nikaleta papa, nikaua wote. Nilipofika kwenye ungo nilisimama juu ya benchi nikapepeta kwa sahani. Kisha yule fundi wa mikanda inayobeba mawe, tunayemwita Tumbo, akauliza, "Kwa hiyo, Bingwa, miaka yote tunachimba mavi ya samaki?"

Nikamwambia, "Na wewe ulidhani umejengwa kwa almasi? Hiyo hiyo fosforasi imo kwenye mifupa yako. Ukifa tutakusaga."

Walicheka mpaka Miwani akacheka, lakini safari hii alicheka pamoja nami. Sasa ananiita Profesa. Alitaka kujua nimeyatoa wapi. Nikamwambia kichwani.

Ulichouliza: unene. Nilisimama chini kabisa ya shimo, nikainua mkono juu namna hii, na bado jiwe lilikuwa linapita vidole vyangu. Na unanijua urefu wangu. Chini mwisho wake sikuufikia. Andika hivyo hivyo. Hao wakubwa wako wajue kwamba upande wetu bahari haikufanya kazi ya mzaha.

Mjomba wako,
Profesa


Chuoni, 2 Mei

Shikamoo Profesa,

Ramani imekwisha. Mgongo umetokea! Kutoka machimboni tabaka linapanda taratibu, na kwa kipimo chako linafikia unene mkubwa kuliko wote pale mtaani kwetu. Leo mkubwa wa kitengo alisimama mbele ya ramani yangu akanywa kahawa nzima. Halafu akaita wenzake. Mmoja akaniuliza naijuaje sehemu ile vizuri hivyo. Nikamjibu, "Ndiko kwetu, nyumba hiyo ni ya mama yangu." Wakatazamana wakatabasamu. Mjomba, sijawahi kujisikia mrefu kama leo. Nadhani hivyo ndivyo unavyojisikia wewe kila asubuhi.

Nikimaliza huenda wakaniajiri. Mama hajambo?

Mpwa wako


Machimboni, 28 Juni

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Cherehani haijambo. Mimi sijambo sana.

Huku hakuna jipya. Kuna watu wamekuja na mashine ndogo wakatoboa matundu mawili mwanzoni mwa mtaa, pale kwa fundi baiskeli, na wamefurahia walichokipata. Kuna vigingi. Kuna rangi nyekundu kwenye kuta, namba tu, wanahesabu nyumba. Mambo ya ofisi. Mama yako ameifuta ya kwake kwa sabuni, wakarudi wakaandika nyingine. Ameifuta na hiyo.

Ramani yako uliipeleka mpaka wapi? Nauliza tu.

Kula vizuri.

Mjomba


Nyumbani, 20 Julai

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, na sitaki watu wa barabarani wanisikie.

Nyumba inabomolewa. Mtaa wote, lakini wanaanza na kwetu. Wanasema jiwe la mbolea liko chini, na kwetu ndiko liliko nene. Tutahamishiwa kwenye vile vyumba vya bati upande wa pili wa reli. Nimekwenda kukiona changu. Cherehani ikiingia, mimi nabaki nje.

Juzi watu wa kampuni walituita hapo hapo uani kwangu. Nilikuwa nakata kola, nikatoka na mkasi mkononi. Yule injinia wa miwani akasema tusidhani wanabahatisha, ushahidi wameupata kwa mtu wa humu humu, wa nyumba hii hii. Nikauliza, "Wa nyumba hii? Nani?" Akafungua mdomo. Kabla hajasema, mjomba wako akaruka kutoka kwenye kundi la watoboaji, kifua mbele. "Mimi!" anasema. "Nani mwingine anayeyajua mawe haya? Mimi ndiye niliyewaonyesha!" Akaanza kuwahubiria watu habari za bahari na ungo, huku majirani wanamtazama kama mtu aliyevua nguo. Injinia alitaka kumkatiza, akashindwa. Unamjua akishaanza.

Niliuweka mkasi chini kwa sababu nilijiogopa.

Na mtu mwenyewe huyo, mwanangu, shimo la choo lilimshinda likiwa kiunoni. Akasema mgongo unamuuma. Nikatafuta fundi akalimaliza, yeye kakaa ukingoni anaokota mawe yanayotupwa juu, anayanusa. Leo kawa bingwa wa chini ya ardhi. Ndugu yangu wa tumbo moja ameniuza ili watu wamwite Profesa.

Nimemwambia asikanyage nilipo. Nawe usimwandikie. Nina wewe tu sasa, ndicho kitu pekee ambacho hawajakipaka rangi.

Mama yako


Chuoni, 4 Agosti

Shikamoo mjomba,

Mama kaniandikia. Amenikataza kukuandikia, na hii ndiyo barua niliyoiandika.

Wewe na mimi tunajua Miwani alikuwa anataka kumtaja nani. Wewe hukuwaonyesha. Chai na hadithi za kwenye benchi hazihamishi mtaa. Iliyowaonyesha ni ramani yangu. Niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba nyumba ile ni ya mama yangu, nikidhani wananisifu.

Halafu kuna hili. Mama anasema shimo liliishia kiunoni kwako. Mjomba, ulisimama kweli chini ya shimo? Ulinyoosha kweli huo mkono? Siulizi ili nikulaumu. Kwenye ramani, mahali pa nyumba ya mama, niliandika "imepimwa". Haikupimwa. Ilikuwa barua yako. Mwalimu wangu alitufundisha kuweka alama ya kuuliza penye maneno ya watu, na kalamu ilikuwa mkononi, na sikuiweka. Nilitaka mgongo ule uwepo.

Nimewaandikia makao makuu kwamba kipimo kile si cha kuaminika. Wamenijibu kwamba matundu mawili ya pale kwa fundi baiskeli yanatosha, na kwamba nisiwe na wasiwasi, kazi yangu ni nzuri.

Mwezi ujao nakuja. Nitamweleza mama yote, mbele yako.

Mpwa wako


Machimboni, 17 Agosti

Mpwa wangu,

Usije.

Wewe mtoto, miaka yote natafuta sifa katika mtaa huu, nimeipata moja kubwa, na wewe unataka kuninyang'anya? Waulize watu. Nani aliyebomolesha mtaa? Bingwa. Hata watoto wanajua. Nikipita wananyamaza, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunyamaza nikipita. Huo ni ukubwa.

Umeniuliza kuhusu shimo. Mimi nimetoboa miamba tangu hujaota meno, usinifundishe kusimama shimoni. Jiwe liko pale na ni nene. Nimesema.

Sasa sikiliza, na hapa sitanii. Mama yako nyumba imemtoka. Ndugu yake amemtoka, na ndugu mwenyewe hakuwa wa kujivunia sana, kila harusi aliaibisha ukoo. Amebaki na mtoto. Akishona anawaambia wateja: wangu yuko chuo, anasoma ardhi. Unataka kuja kumwambia kwamba aliyeichora nyumba yake ni huyo huyo? Ili nani apone? Yeye, au wewe ulale usingizi?

Mimi wananijua kwa kutia chumvi. Wakiambiwa ni mimi wanaamini mara moja, hata uchungu unakuwa mwepesi, wanasema si yule mropokaji. Wewe wakiambiwa, hawatakuwa na pa kuliweka jambo hilo.

Kaa huko. Maliza masomo.

Mjomba wako,
Bingwa, nani mwingine


Makao makuu, 9 Novemba

Mjomba,

Nimeajiriwa. Nina meza, dirisha, na sanduku la vipande vya miamba vilivyoandikwa namba.

Nilimwandikia mama barua ya kumweleza. Nikaichana. Nikaandika nyingine nikaichana. Iliyofika ni ile ya kumwambia nimepata kazi. Amejibu kwamba amefurahi, na kwamba angalau katika nyumba ile kimetoka kitu kimoja kizuri.

Amerudia kunikataza nisikuandikie. Sikumkatalia. Kumkatalia kungetaka sababu, na sababu ni moja tu.

Kwa hiyo hii ni ya mwisho. Uliniambia nikae huko, nami nimekaa. Sijui kama nimekutii au nimekuacha. Mchana naona nimekutii.

Mpwa wako


Machimboni, 25 Januari

Mpwa wangu,

Najua hujibu. Posta nayo siku hizi ni mbovu, inawezekana barua zako zinapotea njiani, nimewaambia watu hivyo.

Nina habari za kazi, na wewe ni mtu wa kazi. Walipomaliza kubomoa walitafuta mtoboaji wa kuanza, na unajua wenyewe walimchagua nani. Tumbo alisema nikatae. Nikamwambia, "Akipewa mwingine atapindisha." Nikaisimamisha mashine pale palipokuwa chumba cha mama yako. Sakafu ilikuwa bado ipo nusu, ile nyekundu anayoipiga nta. Nikatoboa.

Udongo ukatoka. Chokaa ikatoka. Kisha likaja lile jeusi, likanuka vizuri tu, nikasema mnaona! Nikaendelea kuwasimulia vijana huku kekee inashuka, na nilipotazama tena mashine ilikuwa inatoa chokaa nyeupe. Wakalipima lile jeusi. Kiganja. Sikudanganyi, kiganja changu hiki, ukikilaza. Tukasogea tukatoboa palipokuwa baraza: kiganja. Palipokuwa jiko: pungufu ya kiganja.

Miwani alikaa juu ya tofali za mama yako akachora chini kwa kijiti. Anasema hapa hapakuwa mgongo, palikuwa pembezoni, pametulia. Mawimbi hayakufika kupepeta, matope yalibaki na chembe zikawa chache. Nikamwambia bahari nayo ina wivu, iliona nimeshaisifu mno. Hakucheka. Akauliza kile kipimo cha kwenye ramani kilitoka kwa nani. Nikamwambia kilitoka kwangu, nilimpa mpwa wangu kwa maandishi, na nilimwapia, kwa hiyo yeye asihojiwe. Akaandika hivyo. Nawe ukiulizwa sema hivyo. Mashine wamempa mtoboaji mwingine. Mimi niko kwenye mikanda na Tumbo, nafagia vumbi linalodondoka. Vijana wananiuliza, "Profesa, bahari yako iko wapi?" Nawaambia imetoka kidogo, inarudi.

Kampuni imehamia upande wa kwa fundi baiskeli, ambako jiwe lipo. Kwenu hawatachimba. Pameachwa hivyo hivyo, kifusi na matundu matatu. Nilitaka kwenda kumwambia mama yako, kwamba hata hawakukihitaji kiwanja. Nikafika mpaka relini nikarudi. Tangu lini habari kama hiyo ikamfariji mtu?

Jumamosi tulikutana dukani. Alikuwa amenunua uzi mweusi, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nawaeleza watu habari za mkanda unaokatika, wanasikiliza nusu nusu. Kazi yako anaitangaza, usiwe na hofu. Alikuwa anamwonyesha mwenye duka picha yako ukiwa umekaa kwenye hiyo meza. Umependeza. Nikamwambia, "Shikamoo dada."

Akafunga pochi. Akamwambia mwenye duka, "Mwambie huyo mtu asogee, nataka kupita."

Mwenye duka akanitazama. Na mimi, mpwa wangu, ambaye neno halijawahi kunikosa, nilisogea.

Mjomba